Droo ya Bibi Taratibu

Karani alifika saa nane na dakika tano mchana, akavua viatu mlangoni, akaomba kiti kisichoyumba. Alikuwa na fomu kumi na mbili ndani ya jalada la kijani, kalamu tatu za wino mweusi, na kitambaa cha kufutia viganja, maana fomu za Idara hazikutakiwa kuloa. Mkunga alimpa kiti cha cherehani. Mjukuu wake, mwenye cherehani, akahamia kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaendelea kupinda marinda ya sare za shule kwa mkono.

Mkunga huyo watu walimwita Bibi Taratibu. Neno hilo aliwaambia wanawake wote waliopita mikononi mwake, na watoto wao pia kabla hawajatoka: "Taratibu, hakuna anayekufukuza." Nusu ya mtaa ilipokelewa na mikono ile. Kulikuwa na wanaume waliotisha watu sokoni ambao walishusha sauti wakimwona, kwa sababu aliwahi kuwashika wakiwa uchi na wamekunja uso.

Miaka miwili nyuma ilikuwa imeletwa barua yenye mhuri: wakunga wa jadi wasizalishe tena, akina mama wote waende zahanati. Bibi hakuipinga. Alisema ni jambo jema, zahanati ina taa na ina mipira ya mikono. Ila muuguzi wa zahanati alikuwa mmoja, na kila alipokuta mtoto amekaa vibaya tumboni alimtuma mtu kimyakimya. Bibi aliingia kwa mlango wa nyuma, akanawa, akaweka viganja juu ya tumbo, na baada ya muda mtoto akageuka mwenyewe, kama aliyekumbuka jambo. Kisha bibi akatoka kwa mlango uleule. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, muuguzi alipenda kusema, ingawa hakusema mbele ya wakubwa wake.

Sasa Idara ya Hifadhi ya Maarifa ilitaka mambo hayo yaandikwe kabla wazee hawajaisha.

"Kitatoka kitabu," alisema karani. "Kila mkunga atapewa nakala yake."

"Mimi sijui kusoma, mwanangu."

"Mjukuu wako atakusomea."

Bibi alimtazama mjukuu wake pale juu ya ndoo.

Kazi ile haikuwahi kusemwa. Ilipokewa mkono chini ya mkono. Mwanafunzi huweka viganja vyake juu ya tumbo la mjamzito, mwalimu akaweka vyake juu ya vya mwanafunzi, na wakaenda hivyo miaka saba au minane, mpaka siku moja mwalimu anaondoa vyake na mwanafunzi hatambui kwamba vimeondoka. Bibi aliipokea hivyo kwa shangazi yake. Akaanza kumpa binti yake hivyohivyo, miaka mitano, halafu homa ya siku nne ikamchukua binti. Aliyebaki ni mjukuu huyu, hodari wa cherehani, asiye na nafasi. "Bibi, nina vitambaa vya watu," alijibu kila alipoitwa. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minne na vitambaa bado vilikuwa vya watu. Kwa hiyo bibi akakubali kusema.

Fomu ya kwanza ilikuwa ya kitovu, namna ya kukifunga na kukikata. Bibi alisema polepole, karani akaandika, akamsomea, bibi akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Alipobandika dole gumba la wino chini ya ukurasa, kitu kilitoka mkononi mwake kikaingia kwenye karatasi. Hakikuuma. Karani alihisi karatasi imepata joto, kama shati lililotoka kupigwa pasi. Akailaza ndani ya jalada, akaaga.

Siku tatu baadaye alikuja jirani kuuliza kuhusu kitovu cha mwanawe kilichochelewa kukauka. Bibi alifikiri, akaangalia mikono yake pande zote mbili.

"Hilo limeandikwa," alisema.

Jirani akasema aa, akashukuru, akaenda zahanati.

Karani alikuja kila Jumanne. Fomu ya pili ilikuwa ya kondo la nyuma. Ya tatu ilikuwa ya maneno ya kumtuliza mzazi mwenye hofu, na tangu jioni ile bibi hakusema tena lile neno alilopewa jina kwalo. Watu waliendelea kumwita hivyo kwa mazoea. Ya nne ilikuwa ya kujua mtoto amekaaje. Jumamosi iliyofuata bibi aliweka viganja juu ya tumbo la mjukuu wake, kama alivyofanya kila Jumamosi, na ilikuwa sawa na kushika ukuta wa nyumba ya mtu. Alijua ndani kuna watu, hakujua wanafanya nini.

Jumanne alimweleza karani. Karani akaweka kalamu chini.

"Tuache, bibi?"

"Nusu yangu imeshatangulia huko," alisema bibi. "Hii iliyobaki itafanya kazi gani peke yake? Wewe andika. Kitabu kitatoka lini?"

"Kabla mjukuu hajajifungua."

Karani alisema hivyo kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa, na aliamini. Hata hivyo usiku hakupata usingizi mzuri, na kesho yake aliandika taarifa ya ukurasa mmoja kwamba maarifa hayanakiliwi, yanahama. Mkuu wa Idara alikuwa mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea, nyingine ya kuitafutia hiyo ya kusomea. Aliisoma taarifa mpaka mwisho. Pembeni akaandika: "Ndiyo maana ya kuhifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari." Akagonga mhuri.

Fomu ya saba, ya kumgeuza mtoto, ilichukua saa mbili. Bibi alieleza huku mikono yake ikizunguka hewani, ikibonyeza na kungoja, na mara mbili alimshika karani tumbo ili aelewe. Karani, ambaye hakuwahi kuzaa na hakupenda kuulizwa kwa nini, alivumilia na kuandika. Baada ya dole gumba, mikono ilishuka mapajani ikatulia. Wiki hiyo muuguzi alimtuma mtu. Bibi aliingia kwa mlango wa nyuma, akanawa mpaka kwenye viwiko, akasimama karibu na kitanda.

"Mwanangu, sina," alimwambia muuguzi.

Muuguzi akaandika rufaa. Yule mama aliwahi hospitali kubwa kwa bahati tu, gari lilikuwa linapita.

Fomu ya kumi na mbili ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ilihusu maneno ya kumwambia mama ambaye mtoto wake hakuishi. Haya bibi hakuyapokea kwa shangazi. Aliyatafuta mwenyewe, mwanamke mmoja baada ya mwingine, na mengine aliyapata siku alizokaa chini kumlilia binti yake. Kabla hajaanza alimgeukia mjukuu.

"Toka kidogo, mama. Haya hayahusu tumbo lako."

Mjukuu akachukua kitambaa chake akaenda kukaa uani, hakusikia kitu. Ndani, karani aliandika, na licha ya kitambaa chake cha kufutia viganja fomu iliingia maji sehemu moja. Hiyo ya mwisho ilichukua na siku yenyewe. Jioni bibi aliuliza kama karani hakuja leo.

Fomu zote kumi na mbili ziliwekwa kwenye kabati la chuma lililosimama koridoni katika jengo la Idara, droo ya nne kutoka chini, zikafungiwa, ufunguo akakaa nao mkuu. Ndani ya mwezi mmoja wafanyakazi walijua kwamba chai ikiwekwa juu ya kabati hilo haipoi. Droo ilikuwa na joto la mwili. Ikaanza pia kutoa maji, kidogo kidogo, na Idara ikamwita fundi bomba. Ilitokea kwamba fundi huyo ndiye mume wa mjukuu. Alipapasa ukuta, akagonga sakafu, akainuka.

"Hapa hapana bomba," alisema. "Maji haya siyo ya kwangu."

Walimrudisha mara ya pili akasema hivyohivyo. Mara ile ya pili ndipo mpiga chapa wa Idara, mjamzito wa miezi minane, alipoegemea kabati akitafuta bahasha. Mtoto wake, aliyekuwa amekaa kitako wiki tatu, aligeuka akashusha kichwa. Mpiga chapa akamwambia fundi samahani, nimekukanyaga, akachukua bahasha yake akaenda. Siku ya pili alieleza habari hiyo wakati wa chai na wenzake wakampongeza.

Kitabu kilikuwa tayari isipokuwa dibaji. Dibaji ilisubiri mtu mkubwa apate nafasi.

Mwezi wa nane ukielekea wa tisa, muuguzi alimpima mjukuu na kukuta mtoto amekaa kitako. Alimwandikia rufaa ya hospitali kubwa, Alhamisi ya wiki ya tatu, siku ya kwanza iliyokuwa wazi. Hakumtuma mtu kumwita bibi. Bibi alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, mkoba wa mjukuu mapajani. Fundi bomba alisikiliza yote, akakumbuka mpiga chapa. Asubuhi ya pili alikwenda Idara na ovaroli yake, akasimama dirishani kwa mtunza kumbukumbu.

"Maombi ya kusoma ni siku kumi na nne za kazi," alisema mtunza kumbukumbu.

"Hatutaki kusoma. Mke wangu aje tu aegemee kidogo."

"Kuegemea kunahesabika kama kutumia."

"Mpiga chapa wenu aliegemea, nilikuwepo."

"Yule ni mtumishi."

"Na mwenye maneno ni bibi yetu."

"Ndiyo, na tumemwandika. Yuko ukurasa wa kwanza kabisa." Mtunza kumbukumbu hakuwa mtu mbaya. Alimpa fundi fomu na kalamu, akamwonyesha pa kujaza. "Ila sahihi ni ya mkuu, na mkuu yuko kwenye warsha."

"Warsha ya nini?"

"Uzazi salama."

Fundi alijaza: ukurasa wa saba, droo ya nne. Karani ndiye aliyeipokea fomu, akaiweka juu ya rundo mezani kwa mkuu. Kila asubuhi aliikuta imeshuka, akairudisha juu. Alijaribu pia kuivuta droo kwa mikono yake jengo likiwa halina mtu, akaumia ukucha.

Uchungu ulianza Jumatatu, siku ya tisa ya kazi, saa tatu asubuhi. Mjukuu alimaliza kwanza pindo alilokuwa nalo, akakata uzi, akasema, "Bibi, nadhani ndiyo hii." Walikwenda zahanati kwa miguu, ni hatua mia mbili. Muuguzi aliwaona, akapiga simu ya gari kabla hajawasalimu. Gari lilikuwa limepeleka mwingine.

Safari hii bibi aliingia kwa mlango wa mbele, kwa kuwa sasa alikuwa bibi wa mzazi tu. Alinawa mpaka viwikoni, mazoea yana tabu. Alikaa upande wa kichwa, akamshika mjukuu mabega kama alivyowaona mabibi wengine wakifanya kwa miaka hamsini, wakati yeye akiwa upande ule mwingine. Mjukuu alipomtazama kwa hofu, bibi alifungua mdomo kusema neno lake, akakuta halipo.

"Jikaze," alisema, kama mtu yeyote.

Mtoto alikuja kwa miguu. Muuguzi alifanya yote aliyofundishwa, na alifundishwa vizuri, lakini kichwa kilichelewa. Alikuwa wa kike, viungo vyote timamu, nywele nyingi. Hakupumua. Gari lilifika saa saba. Dereva akaambiwa, akazima injini, akakaa ndani ya gari na kofia mkononi.

Muuguzi alimfunga mtoto akampeleka haraka chumba cha pili ili mama asimwone akaumia. Watu walikuja. Mmoja alisema mtoto alikuwa mgeni tu, mwingine akasema utapata mwingine, wewe bado kijana. Mume alisema Mungu anajua, halafu akatoka nje akakaza bomba la zahanati lililokuwa halivuji. Bibi alivuta kiti karibu na kitanda. Alijua kwamba kuna maneno ya saa hii. Aliyatafuta kila alipokuwa akiweka vitu, akakuta pamefagiwa.

"Pole," alisema.

Mjukuu akageukia ukutani. Bibi aliumia sana, na hakujua aumie kwa lipi kwanza.

Siku ya tatu alfajiri maziwa yalikuja. Mjukuu aliamka gauni limeloa, akadhani kuna kitu kimepasuka ndani yake, akalia kwa woga. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Bibi alimletea taulo. Asubuhi hiyohiyo droo ya nne ilitoa maziwa, na mfagizi wa Idara akatega beseni chini yake. Fundi bomba hakuitwa. Mkuu aliporudi kutoka warshani alilipita beseni, akalirudia, akaagiza liwekwe tangazo kwamba sakafu inateleza.

Jibu la maombi lilitoka siku ya ishirini na mbili: imekubaliwa, ukurasa wa saba, dakika thelathini, hairuhusiwi kunakili. Karani alilipeleka mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, hakuomba kiti. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Alimpa mjukuu karatasi, akasimama.

"Sijui kama bado mnaihitaji," alisema.

Mjukuu aliisoma mara mbili.

"Siku ile niliyoambiwa nitoke, mliandika ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Naitaka hiyo."

Kwa kawaida hayo yalikuwa maombi mapya. Karani alitoa kalamu, akakata ile saba, akaandika kumi na mbili, akatia sahihi yake pembeni. Lilikuwa kosa lake la kwanza kazini kwa miaka kumi na tisa.

Bibi, mjukuu na karani walikwenda Idara Jumanne asubuhi. Mkuu alitoa ufunguo, akaangalia saa. Karani alivuta droo, akatoa ukurasa, akauweka mezani mbele ya mjukuu. Ulikuwa na joto na alama ya maji sehemu moja. Bibi alikaa upande wa pili, mikono mapajani. Mjukuu akasoma kwa sauti.

"Usimwambie alikuwa mgeni. Mgeni huaga. Usimwambie atapata mwingine, hajaomba mwingine. Mpe mtoto wake ambebe mpaka mikono ichoke yenyewe. Mwulize amefanana na nani, naye akikujibu, mtazame mtoto vizuri ndipo ukubali. Mwambie mapema kwamba siku ya tatu maziwa yatakuja. Asiogope, mwili wake haujapewa habari. Mwambie hakukosea kulala, hakukosea kuinama, hakukosea kufanya kazi. Akigeukia ukutani, usiondoke. Kaa upande wa mgongo, umwekee mkono, usiseme kitu. Hata nami nilikuwa nauliza ukuta."

Mjukuu aliisoma mpaka mwisho bila kusimama. Kisha akalia, na hakuficha uso. Karani alitazama dirishani. Bibi alikuwa amesikiliza kichwa kikiwa upande, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Huyu aliyesema haya," alisema, "kazi anaijua."

"Anaijua, bibi."

"Anakaa mbali?"

Mjukuu aliangalia lile dole gumba chini ya ukurasa.

"Hapana. Ni karibu na kwetu."

"Sasa mbona siku ile hamkumwita?" bibi aliuliza. Hakuwa analaumu, alitaka kujua tu. "Mimi nilikaa pale na sikuwa na la kukwambia."

Mjukuu alinyoosha mikono, akapitisha viganja vyake chini ya viganja vya bibi yake, hapo mezani, juu ya karatasi. Wakakaa hivyo. Hakuna kilichopita. Viganja vya bibi vilikuwa vikavu na vyepesi, na karatasi chini yake iliendelea kuwa na joto. Dakika zilipokwisha mkuu alikohoa kwa adabu.

Karani aliurudisha ukurasa, akafunga droo, akamkabidhi mkuu ufunguo. Alimwaga beseni kwenye sinki la koridoni, akalirudisha mahali pake. Alikuwa ameomba mara mbili kubadilishiwa kazi, akajibiwa, na ukifikiri kiofisi ni kweli, kwamba asipoandika yeye nani ataandika. Mkunga wa ng'ambo ya daraja alikuwa anamsubiri saa nane. Akachukua jalada jipya la kijani na kalamu tatu, akaondoka.